Mchelea Mwana Kulia: Mabishano Juu ya Kijiko cha Dawa

Hoja ni hii: mtoto wa miaka miwili ana homa, dawa iko kwenye kijiko, naye mdomo ameufunga. Abanwe au abembelezwe?

Wanaobishana hapa sikuwapa majina, kwa sababu ni sauti nilizozitunga kutokana na mabishano yasiyokwisha katika nyumba zetu. Nimewaketisha kwenye benchi la kituo cha afya wilayani Muheza, mkoani Tanga, nchi ya machungwa na mbu, saa za alasiri. Bibi amekuja na mkwewe, ambaye ni mjamzito na amempakata mtoto mwenye homa. Kipimo cha haraka kimeshaonyesha malaria. Baba wa mtoto amesimama mlangoni, ufunguo wa pikipiki mkononi. Yupo nesi, yupo mfamasia wa dirishani, na pembeni kuna mama mwingine aliyemleta kliniki mwanawe wa miaka minne mwenye selimundu. Nami nitaingilia panapohitajika, na pengine pasipohitajika.

BIBI: Mnanishangaza. Mtoto mdogo huyu mnamwomba ruhusa! Zamani tulimlaza mapajani, miguu ukaibana, pua ukaishika kwa vidole viwili. Akiachama kutafuta pumzi, dawa inaingia. Atalia, atasahau, atapona. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

MAMA: Mama, samahani, jana usiku nilifanya hivyohivyo. Dawa ya kushusha homa ilirudi yote, na uji juu yake. Leo akiniona na kijiko tu, hata kijiko cha chakula, anakimbilia uvunguni.

BIBI: Hukumshika sawasawa.

NESI: Bibi, tena afadhali hakumshika sawasawa. Hiyo pumzi anayoachama kuitafuta ndiyo inayonitia hofu. Kooni kuna njia mbili jirani, ya chakula na ya hewa. Mtoto akimeza mwenyewe, njia ya hewa hujifunga kidogo, kisha hufunguka. Ukimbana pua unamlazimisha avute hewa na ameze kwa pamoja, na dawa inaweza kushuka mapafuni. Anayelia naye ni hivyohivyo, maana baada ya kila kwikwi anavuta pumzi ndefu.

BIBI: Wanangu wote wamekunywa hivyo na wote wazima. Huyo mlangoni ni mmoja wao, muone alivyo.

NESI: Mungu ashukuriwe. Lakini yule aliyepaliwa zamani, nani aliandika kwamba alipaliwa? Alikuwa na homa, akafa, watu wakasema degedege.

Bibi ana haki ya kunyamaza hapa, na sitamtungia jibu. Naongeza tu kwamba hofu ya nesi si ya vitabuni. Katika kampeni za kugawa dawa za minyoo, ambako watoto hupangwa foleni na wagawaji wana haraka, wamewahi kufa watoto wadogo waliokabwa na kidonge kooni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kwa watoto walio chini ya miaka mitatu kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji, na mtoto anayepigana na kulia asilazimishwe, asubiriwe atulie. Kidonge chenyewe ni albendazole, dawa ambayo ikicheleweshwa hata juma zima hakuna kitakachoharibika. Kumtia mtoto katika hatari ya kupaliwa kwa ajili ya minyoo ni hesabu mbovu kabisa.

BABA: Haya maneno yote ya nini? Mchomeni sindano, nina abiria ananisubiri.

NESI: Baba, sindano ya nini? Mtoto anakuangalia, ananyonya, anakimbilia uvunguni. Sindano ina wenyewe.

BABA: Sindano inafanya kazi haraka. Kila mtu anajua.

NESI: Kila mtu anajua pia kijana fulani mtaani kwao anayeburuta mguu tangu utotoni. Miaka ile kwinini ilikuwa ikidungwa makalioni, na sindano ikigusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale, mguu unapooza. Sikatai sindano. Wapo watoto ambao kwao hatuna ubishi: asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelala lepelepe hata ukimwamsha. Huyo usimpigie kelele za kijiko nyumbani, mlete mbio. Huyo ndiye tunayemchoma sindano ya artesunate, na kama yuko mbali na hospitali, kipo kidonge cha artesunate cha kuweka njia ya haja kubwa akapata nguvu ya kufika. Mwanao hayuko huko. Wa kwako dawa yake inapita mdomoni.

Ningependa mstari huo wa nesi ubandikwe mlangoni mwa kila nyumba yenye mtoto. Mabishano yetu yote ni juu ya mtoto anayeweza kumeza ila hataki. Asiyeweza kumeza si mkaidi, ni mgonjwa mahututi, na kila dakika inayopotea kumbembeleza au kumbana ni dakika aliyonyang'anywa.

NESI: Mama, hebu nione mfuko wako. Umetoka navyo wapi hivi?

MAMA: Vingine duka la dawa, vingine jirani. Hii ya kikohozi, hii ya mafua, hii vitamini ya hamu ya kula, hii ya tumbo la gesi. Na hii ya homa.

NESI: Yaani jana ulipigana naye vita vitano.

MAMA: Vitano, asubuhi na jioni.

NESI: Basi tupunguze maadui. Ya homa baki nayo. Hizi nyingine mtoto wa miaka miwili hazihitaji, na hizi za kikohozi na mafua zina vitu ambavyo kwa umri wake vinaweza kumdhuru kuliko kikohozi chenyewe.

MFAMASIA: Na usidhani dawa ya maji ni salama kwa kuwa ni tamu na ina picha ya mtoto kwenye boksi. Gambia mwaka 2022 walizika watoto zaidi ya 60 kwa sababu ya dawa za kikohozi na za mafua zilizoingia sumu ya kiwandani, figo zikafa. Zilikuwa tamu, watoto walizinywa bila kubanwa pua.

Katika mabishano ya namna hii hatua hii hurukwa, nami naona ndiyo ingetangulia. Kabla ya kuuliza dawa iingie vipi, tuulize kama ina haja ya kuingia. Mtoto aliyelazimishwa kunywa vitu vitano, vinne vikiwa havina kazi, hana sababu ya kuamini cha tano.

BIBI: Sasa na hiyo moja ya malaria mtampa vipi? Klorokwini ilikuwa chungu, hata mate hayaendi. Ilipokuja kwinini tukaona klorokwini ilikuwa asali.

MFAMASIA: Bibi, klorokwini Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ikaja ile ya dozi moja, nayo ikachoka, na tangu mwisho wa mwaka 2006 tunatumia dawa mseto. Hiyo mseto nayo ilianza na vidonge vikavu. Mama anapewa kidonge, anakisaga kwa mgongo wa kijiko, anatia maji na sukari, mtoto anatema unga wa njano, mama anakwangua kidevuni na kurudisha mdomoni. Dozi gani imeingia hapo? Hakuna ajuaye.

MAMA: Hicho ndicho nilichofanya na robo ya kidonge cha homa. Kabla dawa ya maji sijaipata.

MFAMASIA: Robo ya kidonge cha miligramu 500! Ukikikata kwa kisu cha jikoni, robo moja inaruka chini ya kabati na nyingine inakuwa vumbi. Halafu mtoto ndiye anaitwa msumbufu. Vidonge vingi vilitengenezwa kwa mdomo wa mtu mzima, mtoto akapewa makombo yake. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu za watoto, Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2007. Hebu fikiria, ile ya watu wazima ilikuwapo tangu 1977. Miaka 30 mtoto anakula vipande.

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo mabishano ya bibi na mkwewe yanapoonekana kuwa yamewekwa mahali pasipo pake. Tunamlaumu mtoto kwa ukaidi na mama kwa ulegevu, na kiwanda hakitajwi. Ulimi wa mtoto mdogo unasikia uchungu kwa ukali kuliko wetu, na asili ina sababu: mimea mingi yenye sumu ni michungu, na kiumbe anayeokota kila kitu chini na kukitia mdomoni anahitaji mlinzi. Mtoto anapotema kwinini, mlinzi huyo anafanya kazi aliyowekewa. Ukikisaga kidonge kilichopakwa ngozi ili kisiwe kichungu, umeivunja ngozi hiyo na kumpa uchungu wote kwa mpigo.

Dawa ya mtoto inawezekana kutengenezwa, na imeshatengenezwa. Dawa mseto ya kuyeyuka kwenye maji ilitoka mwaka 2009. Kabla ya hapo wanafunzi wenye afya njema hapa Tanzania waliombwa waonje ladha tatu, stroberi, chungwa na cheri, waseme ipi inapita vizuri. Tofauti hazikuwa kubwa, lakini iliyochaguliwa ni cheri. Mtoto wa Muheza, anayelala akisikia malori ya machungwa yakipita, anatibiwa malaria kwa ladha ya tunda ambalo pengine hatalitia machoni maisha yake yote. Sina ugomvi nayo, maadamu inamezwa. Kenya mwaka 2016 ilitangulia nchi nyingine kuwapa watoto wake wote wenye kifua kikuu vidonge vyenye ladha ya matunda vinavyoyeyuka, vilivyopimwa kwa kilo zao, badala ya kuvunjavunja vya wakubwa kwa miezi sita. Mwaka 2021 ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kugawa dolutegravir ya kuyeyusha, yenye ladha ya stroberi, kwa watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kabla ya hapo baadhi yao walikunywa dawa ya maji chungu ajabu, yenye kilevi ndani yake na inayotaka friji. Na mwaka 2025 Uswisi iliidhinisha dawa mseto ya vichanga walio chini ya kilo tano. Vichanga hao malaria ilikuwa ikiwapata miaka yote, wakitibiwa kwa kukadiria dawa ya wakubwa zao.

BIBI: Haya yote mazuri. Na ikiwa dirishani hakuna hiyo ya kuyeyuka?

MFAMASIA: Uliza, bibi. Watu wanapokea wanachopewa wanaondoka. Sema, "Nipe ya mtoto." Ya malaria ipo, ya nimonia ipo, amoksilini ya kuyeyusha, zinki ya kuharisha inayeyuka pia. Siku nyingine itakuwa imekwisha, basi nitakuambia kama hiki kingine kinasagika au hakisagiki. Vipo visivyosagika kabisa, vimetengenezwa vitoe dawa kidogokidogo. Ukivisaga, dawa ya siku nzima inaingia mara moja.

BABA: Mimi naona mnazunguka. Mwambieni ni pipi, basi. Watoto wanapenda pipi.

MAMA: Nami nilimwambia hivyo mara ya kwanza. Alifungua mdomo kwa furaha.

BIBI: Na mara ya pili?

MAMA: Mara ya pili ndiyo hii.

NESI: Afadhali dawa ilikuwa chungu. Angeiona tamu ingekuwaje? Mama, wewe tulikupa vidonge vya kuongeza damu. Umeviweka wapi?

MAMA: Juu ya kabati. Kwenye kopo.

NESI: Vyekundu, vinang'aa, ukilamba ngozi ya juu ina sukari. Mtoto aliyefundishwa kwamba dawa ni pipi atapanda kiti avifuate. Vidonge vichache vya madini ya chuma vinatosha kumuua mtoto wa umri huu. Usimwambie ni pipi. Kopo nalo lifungie.

Hoja ya uongo ina watetezi wengi na wote wana nia njema, kwa hiyo sitaipuuza. Uongo unafanya kazi mara moja. Kwa dawa ya mara moja, ungesema, hasara iko wapi? Lakini jirani wa benchi amekuwa akisikiliza muda wote, naye ana la kusema kuhusu dawa isiyokuwa ya mara moja.

MAMA WA PILI: Samahanini, nadakia. Wangu ana selimundu. Tangu alipokuwa na miezi mitatu anakunywa penisilini asubuhi na jioni, na ataendelea mpaka afikishe miaka mitano. Na foliki asidi kila siku. Bibi, mimi nilianza kwa njia yako. Mama yangu alikuwa akishika miguu, mimi nashika pua.

BIBI: Na ikaingia?

MAMA WA PILI: Iliingia mwaka wa kwanza. Alipofika miaka mitatu hakulia tena. Anaachama vizuri, anapokea, anafunga mdomo, anakwenda kucheza. Nikawa najisifu kliniki kwamba wangu hana shida. Siku moja nikatoa jamvi kulianika, nikakuta vidonge chini yake vimebandikana. Alikuwa anakiweka shavuni, akitoka anakitemea pale. Nilikuwa nimemfundisha kuficha.

NESI: Na akalazwa.

MAMA WA PILI: Akalazwa kwa nimonia.

Takwimu zinafaa hapa. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, inakadiriwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Wengu wao huharibika mapema, kwa hiyo bakteria ambao mwili mwingine huwafyeka bila kelele, kwao huua. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza maambukizi makali ya bakteria aina ya nimokoka kwa watoto wadogo wenye ugonjwa huu kwa asilimia 84. Matokeo yalikuwa wazi hata utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, ili wote wapewe dawa. Asilimia hizo, lakini, ni za dawa iliyomezwa. Iliyo chini ya jamvi haimo. Piga hesabu mwenyewe: mara mbili kwa siku, tangu miezi mitatu hadi miaka mitano, ni zaidi ya mara 3,000. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kumbana mtoto mara 3,000, wala mwenye akili ya kubuni uongo 3,000.

BIBI: Sasa unafanyaje?

MAMA WA PILI: Kwanza nilimwambia kweli. Hii ni dawa, ni chungu, uchungu wake unakwisha upesi, nami niko hapa. Halafu niliacha kumuuliza, "Utakunywa?"

BIBI: Eh! Hapo tuko pamoja.

MAMA WA PILI: Ukimuuliza mtoto kama atakunywa, atasema hapana, na amekujibu alichoulizwa. Namwuliza, "Unataka kikombe chekundu au hiki cha bati? Utakaa kwangu au kwenye kigoda?" Kidonge anakitia majini mwenyewe, anakiangalia kinavyomumunyuka. Akimaliza anakunywa maji, anafungua mdomo anionyeshe na chini ya ulimi. Siku nyingine anagoma. Nakaa naye. Chai inapoa, nakaa naye.

BABA: Mwenye kazi atakaa hivyo kila siku?

MAMA WA PILI: Kule wodini nilikaa siku ngapi, kaka yangu? Kazi ilinisubiri?

Mpaka hapa nimejaribu kuwaacha waseme. Sasa nasema langu. Bibi ana haki katika jambo moja kubwa, na vijana wa siku hizi tunalikwepa: mtoto wa miaka miwili hana kura juu ya kama dawa itanywewa. Mzazi anayesimama na kijiko akiomba, akiahidi soda, akiondoka, akirudi na soda mbili, anampa mtoto mzigo wa uamuzi asiouweza, kisha anamkasirikia kwa kuuamua vibaya. Methali yake ni ya kweli. Lakini inasema usiogope kilio, haisemi umlize. Bibi ameisoma kana kwamba kilio ndicho kipimo cha malezi, na huko simfuati. Dawa ya malaria ni siku tatu tu, na kwa siku tatu nguvu inaweza kushinda. Ila mtoto huyuhuyu atarudi kwenye kijiko kwa kuharisha, kwa kichomi, kwa minyoo, na wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa umekishika. Alichojifunza leo kuhusu mkono wako atakuja nacho siku hiyo.

BIBI: Nimekusikia, mwandishi, ingawa sikukuuliza. Nesi, nionyeshe basi. Mimi ndiye nitakayebaki naye, hawa wana shughuli zao.

NESI: Njoo karibu. Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani kwako, kichwa kimeinuka. Asilale chali. Mkono wake mmoja upite nyuma ya kiuno chako, huo mwingine umshike taratibu kama unayemkumbatia. Hilo siliiti kumbana, anajua uko naye. Kidonge tumekiyeyusha katika maji safi kidogo. Kidogo, bibi! Ukitia kikombe kizima atatakiwa kumaliza kikombe kizima. Sasa chukua bomba hili la sindano, sindano yenyewe haipo, liingize pembeni, kati ya shavu na fizi, sukuma tone, subiri ameze, sukuma tena. Usilielekeze kooni.

BIBI: Kijiko hakifai?

MFAMASIA: Kwa hii inayopewa nzima, kijiko kinafaa. Kwa dawa ya maji inayopimwa, kijiko cha nyumbani kina hatari. Kijiko cha chai cha dawa ni mililita 5 kamili. Vya kabatini kwako kimoja ni 3, kingine 7. Tumia bomba au kikombe cha kwenye boksi.

BIBI: Nikimtilia katika uji wake?

NESI: Kijiko kimoja cha uji, sawa. Bakuli zima, hapana. Hatalimaliza na hutajua amekunywa kiasi gani. Tena atauchukia uji, na uji ndio unaomrudishia mwili.

BIBI: Asali?

NESI: Huyu ana miaka miwili, mpe, alambe kabla au baada. Aliye chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza mwili, tumbo lake bado haliviwezi. Na hii mseto inataka mafuta kidogo ili ishike, kwa hiyo anyonyeshwe, au apate maziwa, au uji wa karanga.

Mtoto amemeza. Alikunja uso, akatema kidogo, akapewa kidole cha asali. Bibi alihesabu ile iliyotemwa kuwa ni tone. Kisha ikaja habari ya saa, ambayo katika nyumba nyingi huharibu kazi yote iliyofanyika mchana.

NESI: Sasa ni saa kumi. Ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa sita usiku. Ya tatu ni kesho saa kumi kama sasa, kisha kila baada ya saa kumi na mbili mpaka pakiti iishe.

MAMA: Saa sita usiku atakuwa amelala. Na homa ikishuka je? Nimwamshe mtoto aliyepata usingizi?

NESI: Umwamshe. Hii ya pili ndiyo inayorukwa zaidi. Homa inashuka mapema, vimelea bado vimo.

BABA: Mimi saa hizo ndiyo narudi. Nitampa mimi.

BIBI: Wewe? Ukirudi unajitupa kitandani na viatu. Mimi usiku silali, mifupa hainiachi. Nitampa mimi, nimkalishe kwanza hivyo alivyosema nesi.

MAMA: Na akitapika?

NESI: Ikiwa ni ndani ya saa moja, mrudishie kidonge kingine kama alichotapika. Ikiwa imepita saa moja, acha.

BIBI: Pakiti ina vidonge sita, kimoja tumeshampa hapa. Nikimrudishia, cha mwisho nitakitoa wapi?

MFAMASIA: Njoo nacho hicho kipakiti kesho asubuhi, bibi, nitakufidia kimoja. Usisubiri siku ya tatu, na usikate kimoja nusu mbili ili vitoshe.

BABA: Nitamleta mimi kwa pikipiki.

BIBI: Twende, basi. Na hizo chupa nne ziacheni hapahapa.